Kuingia Kutoka Mahali Usipopajua: Namna ya Kusoma Kumbukumbu za Akaunti Yako ya Barua Pepe

Usiku mmoja shangazi yangu anayeishi Tanga alinipigia simu akizungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba anayemzungumzia yumo chumbani mwake. "Mwanangu," akasema, "kuna mtu yuko Marekani anasoma barua zangu." Alikuwa amefungua Gmail kwenye kompyuta, akateremka hadi mwisho wa ukurasa, akabofya neno dogo la maelezo lililo kwenye kona ya kulia, na kukuta orodha iliyotaja Marekani mara nne ndani ya siku moja, kila mstari ukifuatiwa na tarakimu asizozielewa. Tuliichambua orodha hiyo mstari kwa mstari kwa muda wa kama robo saa, na mwishowe ikabainika kwamba huyo mtu wa Marekani alikuwa programu ya Outlook ambayo binti yake alimwekea kwenye simu wiki iliyotangulia. Programu hiyo haiendi yenyewe kuchukua barua Gmail. Seva za Microsoft ndizo zinazoingia Gmail kwa niaba ya mwenye simu, kisha zinamletea barua zake, na baadhi ya seva hizo ziko Marekani.

Mwenzangu mmoja wa kazini alipatwa na kinyume chake. Orodha yake ilisoma Dar es Salaam mwanzo hadi mwisho, akaridhika na kuifunga, ilhali mmoja wa hao waliokuwa Dar es Salaam hakuwa yeye.

Visa hivyo viwili ndivyo vilivyonifundisha utaratibu ninaoueleza hapa. Katika kumbukumbu za kuingia kuna mambo matano ya kusoma, ingawa si kila orodha huyaonyesha yote: matokeo, saa, njia iliyotumika, kifaa na mahali. Jicho la mtu hukimbilia mahali, napo ndipo penye ushahidi dhaifu kuliko mambo mengine manne. Pasome mwisho.

Ifikie orodha kwa mkono wako mwenyewe

Wengi huanzia kwenye tahadhari: barua inayosema kwamba akaunti yako imefunguliwa kwenye kifaa kipya. Barua za namna hiyo huwa za kweli mara nyingi, na kwa sababu hiyohiyo matapeli hupenda kuziiga, kwa kuwa aliyeshtuka hubofya kabla ya kusoma. Tahadhari za Google hutoka no-reply@accounts.google.com, na za akaunti za Microsoft hutoka account-security-noreply@accountprotection.microsoft.com, lakini anwani ya mtumaji inaweza kughushiwa, kwa hiyo haitoshi kuwa kinga. Acha kiungo kilichomo ndani ya barua, fungua kivinjari, na uandike anwani ya huduma yako wewe mwenyewe. Kama tahadhari ni ya kweli, utaikuta pia ndani ya akaunti.

Kwenye Gmail kuna mahali pawili pa kutazama, na pote pawili panahitajika. Pa kwanza ni pale alipofika shangazi: fungua mail.google.com kwenye kompyuta, teremka hadi chini kabisa ya orodha ya barua, na upande wa kulia utaona mstari unaoeleza akaunti ilitumika mara ya mwisho lini, pamoja na kiungo cha maelezo. Programu ya Gmail ya simu haina kiungo hicho. Asiye na kompyuta anaweza kufungua kivinjari cha simu na kuomba toleo la ukurasa la kompyuta. Dirisha litakalofunguka huonyesha matumizi 10 ya mwisho katika safu tatu, yaani aina ya ufikiaji, mahali pamoja na anwani ya IP (tarakimu zinazotambulisha mtandao uliotumika), na wakati. Mstari wako wa sasa hivi huwekewa alama ya nyota, na sehemu ya juu hukueleza kama akaunti imefunguliwa mahali pengine wakati huohuo.

Pa pili ni myaccount.google.com, katika sehemu ya usalama, penye orodha ya vifaa vyako. Hapo utaona vifaa vilivyomo ndani ya akaunti sasa na vile vilivyokuwamo wiki chache zilizopita. Orodha ya vifaa hukuonyesha ni nani ameingia, na dirisha la Gmail hukuonyesha pia programu zinazovuta barua bila mtu kugusa chochote, ndiyo maana moja haitoshi bila nyingine.

Kwa akaunti za Outlook na Hotmail, nenda account.microsoft.com, fungua sehemu ya usalama, kisha shughuli za kuingia. Orodha hiyo hubeba siku 30, na ukifungua mstari mmoja utaona kifaa, kivinjari, anwani ya IP, ramani ndogo, na jambo la maana kuliko yote, ambalo ni kama jaribio lilifaulu au lilikataliwa. Yahoo nayo ina orodha yake katika mipangilio ya akaunti. Barua pepe ya kazini au ya chuo ni suala jingine, kwa sababu msimamizi wa mfumo ana kumbukumbu pana kuliko zako. Mweleze mapema badala ya kupambana peke yako.

Kabla hujabadilisha chochote, piga picha ya skrini ya orodha nzima. Mistari 10 ya Gmail husukumana haraka, na programu inayochukua barua kila baada ya dakika chache inaweza kuufuta mstari uliokutia shaka kabla hujamaliza kunywa chai.

Matokeo kwanza, kisha saa

Mtu anayefungua orodha ya Microsoft kwa mara ya kwanza anaweza kukuta majaribio ya Brazil, Vietnam, Urusi na India, yote ndani ya siku mbili, akadhani dunia nzima imemvamia. Tazama neno lililo pembeni. Ikiwa imeandikwa kwamba kuingia hakukufaulu, hakuna aliyepita mlangoni. Hizo ni mashine zinazojaribu anwani za barua pepe na nywila zilizovuja kutoka tovuti nyingine miaka iliyopita, na anwani yako imo kwenye orodha wanazogawana wadukuzi. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha anwani yako imewahi kuvuja wapi. Ikiwa nywila uliyoitumia huko ndiyo unayoitumia hapa, ibadilishe leo. Ikiwa ni tofauti na una uthibitishaji wa hatua mbili, yaani msimbo wa pili unaodaiwa baada ya nywila, majaribio hayo ni kelele tu. Microsoft pia hukuruhusu kuongeza anwani ya pili kwenye akaunti ileile na kuizuia ile ya zamani isitumike kuingilia, huku ikiendelea kupokea barua kama kawaida. Majaribio kupitia anwani ya zamani hayatakuwa na mlango wa kugonga tena.

Mstari uliofaulu ndio unaostahili muda wako, na swali lake la kwanza ni la saa. Hapa sisi tunaosema Kiswahili hujikwaa zaidi kuliko wengine. Dirisha la Gmail likiandika 3:14 AM, hiyo ni saa tisa na dakika kumi na nne usiku, wala si saa tatu asubuhi ulipokuwa kazini ukisoma barua. Nimeshuhudia watu wakiukubali mstari wa usiku wa manane kuwa ni wao kwa sababu tu waliisoma tarakimu kwa mazoea.

Barua za tahadhari za Microsoft huongeza ugumu kwa kuandika saa ya GMT. Chukua mfano wa tahadhari inayosema 18:40 GMT. Aliye Tanzania, Kenya au Uganda ataongeza saa 3 na kupata 21:40, yaani saa tatu na dakika arobaini usiku. Aliye Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi ataongeza saa 2. Aliye Muscat ataongeza 4. Ukishapata saa yako halisi, jiulize ulikuwa ukifanya nini. Je, ndipo ulipowasha simu baada ya umeme kurudi? Je, ndipo ulipoweka programu mpya, au ulipoiomba tovuti fulani ikuruhusu kuingia kwa akaunti ya Google? Saa ikioana na tendo unalolikumbuka, mahali pawe popote, uwezekano mkubwa ni wewe.

Njia na kifaa

Safu ya aina ya ufikiaji katika Gmail hutofautisha kivinjari, simu, IMAP au POP3, na programu iliyoidhinishwa. IMAP na POP3 ni lugha ambazo programu za barua, kama Thunderbird au ile iliyokuja na simu yako, hutumia kuchukua barua. Ukikuta mistari ya namna hiyo inayojirudia kwa vipindi vinavyolingana, mchana na usiku, hiyo ni mashine, na mashine hiyo ama uliiweka wewe ama aliiweka mtu mwingine. Swali hapo ni programu ipi inayochukua barua, na jibu lake utalipata kwenye sehemu ya akaunti ya Google inayoorodhesha programu na huduma zilizounganishwa. Kwa shangazi, jina la Microsoft lilikuwa limekaa hapo waziwazi, pamoja na tarehe aliyoliruhusu.

Kifaa nacho kina vituko vyake. Usishtuke ukiona Linux ilhali hujawahi kumiliki kompyuta ya namna hiyo: ukitumia Chrome kwenye simu ya Android na kuchagua toleo la kompyuta, kivinjari hujitambulisha kuwa ni Linux. Ukiona Windows 10 wakati kompyuta yako ni Windows 11, tatizo ni lilelile, kwa sababu vivinjari vimeendelea kutangaza namba 10 hata kwenye toleo jipya. Chrome ya siku hizi kwenye Android huficha hata modeli ya simu na kuandika herufi K peke yake. Simu za Samsung, Tecno au Infinix huweza kuonekana kwa namba za modeli badala ya jina la dukani. Linganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye mipangilio ya simu, sehemu inayoeleza kuhusu simu, kabla ya kuikana.

Kinachopaswa kukusimamisha ni kifaa cha aina ambayo haiwezekani kabisa kuwa yako: iPhone wakati nyumba nzima hakuna iPhone, au kivinjari cha Firefox ambacho hujawahi kukitumia.

Sasa mahali

Huduma ya barua pepe haijui uliko. Inachokiona ni anwani ya IP ambayo maombi yako yametokea, na anwani hizo hugawiwa kwa mafungu. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius na iliyoanza kutambuliwa rasmi mwaka 2005. Ulaya na Mashariki ya Kati zina RIPE NCC, Amerika ya Kaskazini ina ARIN. Kampuni ya simu ikishapewa fungu lake, wako wakusanyaji wa taarifa wanaojaribu kubashiri kila fungu linatumika nchi gani na mji gani, na ubashiri huo ndio unaoonyeshwa kwako kama jina la mji. Kwa nchi, ubashiri hupatia mara nyingi. Kwa mji, hupotoka mno.

Kisa kinachoonyesha upotofu huo vizuri ni cha shamba moja karibu na mji mdogo wa Potwin, jimbo la Kansas. Kampuni ya MaxMind, mojawapo ya wakusanyaji wakubwa, ilihitaji nukta ya kuweka kila anwani iliyojulikana kuwa ni ya Marekani bila kujulikana mji wake, ikachagua nukta ya katikati ya nchi na kuikadiria kwa namba nzima kuwa digrii 38 kaskazini na 97 magharibi. Nukta hiyo iliangukia kwenye uwanja wa shamba hilo. Kwa miaka mingi anwani zaidi ya milioni 600 zilisomeka kana kwamba zimetoka hapo, na wakazi wake wakawa wanatembelewa na polisi, wadai na watu waliokuwa wakiwatafuta wezi wao. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 2016 ndipo kampuni ikaihamishia nukta hiyo katikati ya maji ya ziwa. Kwa hiyo unapoona mji fulani wa Marekani, fahamu kwamba huenda ni jina lililowekwa kwa kukosekana lingine.

Nyumbani kwetu sababu za kuonekana mahali pengine ni za kawaida zaidi. Kampuni za simu hupitisha wateja wao wengi kwenye milango michache ya kutokea, na wateja maelfu hutumia anwani moja ya nje kwa pamoja kwa sababu anwani za zamani za IPv4, ambazo jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu, zimekwisha. Ndiyo maana mtu wa Songea anayetumia bando huonekana Dar es Salaam, na wa Lodwar huonekana Nairobi. Ukihama kutoka bando kwenda Wi-Fi ya ofisini ndani ya dakika 5, unaweza kuonekana umesafiri kilomita 900.

Msafiri hukutana na ajabu ya kinyume. Mtanzania aliye Dubai akiendelea kutumia laini ya nyumbani, data yake kwa kawaida hurudishwa kwenye mtandao wa nyumbani kabla ya kuingia intaneti, na orodha itaonyesha Tanzania. Akinunua eSIM ya wasafiri, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi, anaweza kuonekana Poland au Hong Kong bila kukanyaga huko. Wanaotumia Starlink, yaani intaneti ya setilaiti, wanalijua hili pia: kabla ya kituo cha Nairobi kuanza kazi mapema mwaka 2025, mtumiaji wa Kenya alipitia Lagos au hata Ulaya.

Kisha kuna VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva iliyo mahali pengine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mzizi wa hofu nyingi za bure katika eneo letu. Waganda wengi waliiweka Julai 2018, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza, na wakazidi kuihitaji Facebook ilipofungwa nchini humo Januari 2021. Watumiaji wa Tanzania nao wana sababu zao. Mtu huiweka kwa ajili ya mtandao mmoja wa kijamii, huisahau ikiwa imewashwa, na barua pepe yake nayo inapitia Uholanzi au Singapore usiku kucha. Opera Mini hufanya kitu kinachofanana na hicho inapobana data, kwa kuwa kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera. Huduma ya Apple ya kuficha anwani kwa wanaolipia iCloud, iliyoanza mwaka 2021, nayo hubadilisha anwani inayoonekana kutoka Safari. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mwizi, fungua simu yako na utazame kama kuna alama ya ufunguo au herufi VPN juu ya skrini.

Lipo jaribio ambalo humaliza mabishano mengi, na huchukua dakika 10. Zima Wi-Fi, tumia bando, fungua Gmail kwenye kivinjari cha simu, kisha nenda kwenye kompyuta utazame mstari mpya umeandika wapi. Rudia kwa Wi-Fi ya nyumbani. Rudia ukiwa na VPN, kama unayo. Andika kwenye daftari miji iliyojitokeza na mwanzo wa kila anwani ya IP. Hayo ndiyo maeneo yako, hata kama hujawahi kufika baadhi yake.

Iulize anwani yenyewe

Jina la mji likikushinda, chukua tarakimu. Nakili anwani ya IP kutoka kwenye mstari na uitafute kwenye huduma ya umma ya WHOIS, kama ile ya AFRINIC kwa anwani za Afrika, au kwenye tovuti kama ipinfo.io. Usihangaike na ramani. Tafuta jina la mmiliki wa anwani.

Mmiliki akiwa ni kampuni yako ya simu au ya intaneti ya nyumbani, mstari huo karibu ni wako, isipokuwa kifaa kinakataa. Akiwa ni Microsoft, Google au Apple, na njia iliyotumika si kivinjari, kuna programu au huduma inayofanya kazi kwa niaba yako, hakikisha uliiruhusu. Mmiliki akiwa ni kampuni inayokodisha seva, kama DigitalOcean, OVH au Hetzner, hapo pana mambo mawili tu yanayowezekana kwa urahisi: VPN yako, au mtu anayejificha nyuma ya seva ya kukodi. Kama huna VPN na kuingia kulifaulu kwa kivinjari, usiendelee kutafakari. Ruka moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata. Na mmiliki akiwa ni kampuni ya simu ya nchi ambayo huna jamaa, huna safari na huna eSIM, hukumu ni hiyohiyo.

Anwani ndefu yenye herufi na nukta pacha ni IPv6. Hutafutwa kwa njia ileile, ila usilinganishe mwisho wake, kwa sababu simu hubadilisha sehemu hiyo mara kwa mara.

Kuna tahadhari moja inayonirudisha kwa yule mwenzangu. Wadukuzi wa leo hununua njia ya kupitia intaneti za majumbani mwa watu, wakachagua hata mji anaoishi mwenye akaunti, ili mifumo isishtuke. Isitoshe, aliyeingia anaweza kuwa mtu wa karibu: kompyuta ya duka la intaneti uliyosahau kuondoka kwenye akaunti, fundi wa simu aliyepewa nywila ajaribu kitu, mchumba wa zamani. Kwa mwenzangu mji ulikuwa sahihi, nchi sahihi, hata kampuni ya simu sahihi. Kilichomsaliti mgeni kilikuwa kifaa: kompyuta ya Windows iliyofunguliwa kwa mara ya kwanza Jumapili, siku ambayo kompyuta ya mwenzangu ilikuwa kwa fundi, imefunguliwa vipande.

Ikiwa si wewe

Mpangilio wa hatua hapa una uzito kuliko haraka. Anayebadilisha nywila akiwa kwenye kompyuta yenye programu ya kijasusi anamkabidhi mdukuzi nywila mpya, na anayebadilisha nywila bila kutazama namba ya kurejesha akaunti anamwachia mlango wa nyuma.

Anza kwa kuchagua kifaa unachokiamini, ikiwezekana simu iliyosasishwa badala ya kompyuta ya watu wengi. Fungua taarifa za kurejesha akaunti na uondoe namba ya simu au barua pepe yoyote ambayo si yako. Angalia pia kama namba iliyopo bado unaimiliki. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea msimbo wako.

Badilisha nywila kwa maneno marefu ambayo hujayatumia kwingine. Kwenye Google, kubadilisha nywila hutoa vifaa vingi nje ya akaunti, ila kuna vinavyobaki, kwa hiyo rudi kwenye orodha ya vifaa ukitoe kila usichokitambua, kisha bonyeza kitufe kilicho kwenye dirisha la maelezo la Gmail kinachofunga vipindi vingine vyote. Ondoa ruhusa ya kila programu usiyoihitaji.

Sasa ingia ndani ya mipangilio ya barua zenyewe, mahali ambapo wengi hawafiki. Mdukuzi mwenye subira haibi barua mara moja. Anaweka utaratibu wa kuzisambaza. Tazama sehemu ya usambazaji kama kuna anwani usiyoijua. Fungua vichujio na usome kimoja kimoja: kichujio kinachokamata neno benki, ankara au msimbo, kikazipeleka barua hizo kwenye takataka na kuzitia alama ya kusomwa, ni kazi ya mtu aliyetaka usizione. Tazama anwani ya kujibiwa, watu waliopewa ruhusa ya kutumia akaunti, na sahihi iliyo chini ya barua. Kisha pitia barua zilizotumwa na zilizofutwa, ukitafuta maombi ya pesa kwa jamaa au ujumbe wa kubadilisha nywila za huduma nyingine. Kila huduma utakayoikuta humo, iwe benki, mtandao wa kijamii au akaunti ya kodi, nayo ihesabu kuwa imeguswa.

Mwisho washa uthibitishaji wa hatua mbili. Msimbo wa SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini wizi wa laini kwa kumhadaa wakala wa kampuni ya simu si hadithi kwetu. Programu inayotoa misimbo ndani ya simu yenyewe ni salama zaidi. Google hukupa pia misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa kutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi na uiweke penye vyeti vyako, wala usiipige picha na kuihifadhi kwenye akaunti ileile unayoilinda.

Ikiwa mgeni amekutangulia na hata nywila haikubali tena, tumia ukurasa wa kurejesha akaunti kutoka kwenye kifaa na mahali ulipozoea kuingilia, kwani mfumo huvipima vitu hivyo. Usichelewe: baada ya namba ya kurejesha kubadilishwa, Google huweza kukupa nafasi ya kupokea msimbo kwenye namba ya zamani kwa siku 7. Microsoft kwa upande wake, mtu akibadilisha taarifa zote za usalama kwa mkupuo, huweka kipindi cha kusubiri cha siku 30, na muda huo unaweza kuwa kero kwako au msaada kwako, kutegemea nani ameyaomba mabadiliko.

Siku mbili baadaye fungua tena dirisha lile la mistari 10, ukiwa na daftari lako la miji mkononi. Mstari wenye mmiliki yuleyule wa anwani ukirudi baada ya nywila mpya, kuna kitu bado kimeunganishwa, na mara nyingi ni ruhusa ya programu iliyosahaulika au kifaa chako mwenyewe kilichoambukizwa. Hapo simu au kompyuta ndiyo ya kusafishwa, kisha nywila ibadilishwe kwa mara nyingine kutoka kwenye kifaa tofauti.